Fundi wa simu nyumbani ni wewe, basi mlinde mdogo wako mtandaoni

KATIKA nyumba nyingi za Nairobi, Mombasa, Nakuru na Kisumu, mtu anayeielewa simu si baba wala mama. Ni wewe. Wewe ndiye uliyemfungulia mama WhatsApp, ukamwekea shangazi picha ya profaili na kumwonyesha baba jinsi ya kutazama mechi bila kumaliza bando. Likizo ikifika na mdogo wako wa Gredi ya 7 aanze kulilia TikTok, ni wewe tena unayeitwa: “Kuja umwekee huyu mtoto hiyo kitu yake, atuachie amani.”

Unachukua simu. Programu inauliza mwaka wa kuzaliwa, unaandika 1999 ili isikusumbue. Dakika tatu, kazi imeisha. Mtoto anafurahi, mama anafurahi, nawe unarudi kwa shughuli zako.

Wengi hatujui kwamba mwaka huo mmoja wa uongo huzima sehemu kubwa ya ulinzi ambao mtoto angepewa. TikTok haimruhusu aliye chini ya miaka 16 kutumiana ujumbe wa faragha na watu, na akaunti yake huwa imefungwa tangu mwanzo. Instagram nayo ilianzisha akaunti maalum za vijana Septemba 2024: aliye chini ya miaka 18 anafungiwa akaunti moja kwa moja, na mtu asiyemjua hawezi kumwandikia tu anavyotaka. Lakini machoni pa programu hizo, mdogo wako sasa ni mtu mzima aliyezaliwa 1999. Mlango uko wazi. Yeyote anaweza kubisha hodi, na wengine hata hawabishi.

Ndiyo maana habari hii ya usalama wa watoto mtandaoni haifai kuachiwa wazazi na walimu pekee. Kaka, dada, binamu, auntie mdogo wa miaka 23: sisi ndio tunaowaunganisha watoto na mtandao, na mara nyingi ndio wa kwanza kuambiwa mambo yakiharibika. Halafu kuna wale kati yetu ambao, bila kujua, tunawasaidia wabaya.

Mjanja hana haraka

Ukisikia “mhalifu wa mtandaoni” pengine unamwaza jamaa wa kofia nyeusi anayevunja pasiwadi usiku wa manane. Anayewinda watoto hahitaji ujuzi huo. Anahitaji subira na bando.

Mara nyingi huanzia mahali pasipo na ubaya wowote: ndani ya gemu kama Free Fire au Roblox, chini ya video ya densi, ama kwenye grupu ya mashabiki wa timu fulani. Anajifanya wa rika la mtoto. Anamsifu jinsi anavyocheza, anacheka utani wake, anajua lini ana mtihani. Kisha zinakuja zawadi ndogo ndogo: almasi za kwenye gemu, krediti ya Sh50, bando ya wikendi. Kwa mtoto ambaye nyumbani husikia tu “umeosha vyombo?” na “homuwaki iko wapi?”, mtu anayemuuliza siku yake ilikuwaje ni dhahabu.

Baadaye anamhamisha. “Huku kuna watu wengi, nipe namba yako ya WhatsApp.” Hatua hii inafaa kukushtua kuliko zote, kwa sababu inamtoa mtoto mahali panapoonekana na kumpeleka faraghani. Huko inafuata siri: “Usimwambie mtu, hawawezi kutuelewa.” Baada ya siri ni picha. Ya kwanza ni ya uso, ya pili ya nguo za kulala, na zinazofuata unaweza kuzibuni mwenyewe. Picha ya aina hiyo ikishatoka, yule rafiki mpole anabadilisha sauti: tuma nyingine ama hii naisambaza.

Kila hatua ni ndogo kiasi kwamba mtoto haoni alipovuka mpaka. Akiangalia nyuma anajiona yeye ndiye mkosa, kwa sababu hakuna aliyemshika kwa nguvu.

Na si lazima awe mgeni kutoka mbali. Utafiti uitwao Disrupting Harm, uliofanywa na ECPAT, INTERPOL na UNICEF na kuchapishwa 2021, uligundua kwamba baadhi ya watoto wa Kenya wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walikuwa wamepitia dhuluma za kingono zinazohusisha mtandao ndani ya mwaka mmoja tu. Mara nyingi waliowadhulumu walikuwa watu ambao watoto hao tayari waliwajua. Kikulacho ki nguoni mwako.

Utafiti huo ulionyesha jambo jingine ambalo kila kaka na dada anafaa kulishika. Watoto waliojitokeza kusema walimwambia rafiki, ndugu au mzazi. Walioenda kwa polisi au kupiga simu ya usaidizi walikuwa wachache mno. Kwa hivyo kituo cha kwanza cha kuripoti si kile chenye bendera na dawati la OB. Ni wewe, umeketi kwa kochi ukiangalia simu yako.

Wavulana nao wanawindwa

Tumezoea kumwonya msichana. Mvulana tunamwacha, eti yeye “ni mwanaume, atajitetea.” Hesabu hiyo imewagharimu watu maisha.

Machi 2022, mvulana wa miaka 17 katika jimbo la Michigan, Marekani, aliandikiwa Instagram na “msichana” mrembo. Nyuma ya akaunti hiyo iliyodukuliwa walikuwa vijana waliokaa Lagos, Nigeria. Walimwomba picha ya utupu, akatuma. Papo hapo wakadai Dola 1,000. Akawalipa Dola 300, wakarudi kutaka zaidi. Saa chache tu tangu mazungumzo yaanze, kijana huyo alikuwa amejitoa uhai. Ndugu wawili walipelekwa Marekani wakashtakiwa, na Septemba 2024 kila mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 17 na nusu.

Kisa hicho kina mafunzo mawili. Mvulana mwenye marafiki na familia inayompenda anaweza kuvunjwa ndani ya usiku mmoja. Na kulipa hakumalizi chochote. Aliyelipwa mara moja amejifunza kwamba unalipa.

Hapa kwetu pesa huja kwa njia nyingine pia. Machi 2025, uchunguzi wa BBC Africa Eye ulifichua jinsi wasichana wa Kenya, wengine wakiwa na miaka 15 tu, walivyokuwa wakihusishwa na biashara ya ngono kupitia laivu za TikTok: watazamaji wanatuma zawadi, halafu mazungumzo yanahamia programu nyingine. TikTok ilisema haivumilii unyanyasaji, na Mamlaka ya Mawasiliano nchini ikatangaza kufuatilia suala hilo. Kumbuka kwamba tangu Novemba 2022, anayeruhusiwa kuandaa laivu kwenye TikTok ni aliye na miaka 18 na zaidi pekee. Mtoto wa miaka 15 aliingiaje? Njia rahisi zaidi unaijua: umri wa uongo, ama akaunti ya mtu mzima.

Na tusijidanganye, anayemwona mdogo wake akinunua viatu vipya kwa “pesa za laivu” na kunyamaza kwa sababu hali ni ngumu nyumbani, ameona lakini amechagua kutoona.

Nguvu ya mhalifu ni hofu ya mtoto kwetu

Vitisho vya hawa watu huwa vya aina moja. “Nitamtumia mamako.” “Nitaiweka kwa grupu ya darasa.” “Mwalimu mkuu ataiona kesho.” Jiulize kwa nini maneno haya yana uzito. Ni kwa sababu mtoto anatuogopa sisi kuliko anavyomwogopa anayemtisha.

Tangu apewe simu amesikia nini? “Nikikupata na upuzi kwa hiyo simu nitaivunja.” “Ukiniaibisha utarudi kwa nyanya yako kijijini.” Shuleni anajua kwamba kupatikana na simu kunaweza kumrudisha nyumbani wiki mbili. Kwa hivyo usiku ule akitishwa anapiga hesabu yake ya kitoto: nikisema, napigwa, nanyang'anywa simu na aibu iko pale pale, nikinyamaza na kumtumia picha moja zaidi, labda ataniacha. Anachagua kunyamaza. Mhalifu alilijua hilo kabla hata ya kumwandikia “niaje.”

Silaha hiyo unaweza kumpokonya leo, kabla hakujatokea lolote. Mwambie mdogo wako kwa maneno yako mwenyewe: “Hata kama umekosea. Hata kama umetuma picha. Hata kama ulikatazwa kuwa kwa hiyo programu. Niambie mimi kwanza. Sitakupiga, sitakucheka, na simu yako hutaipoteza kwa sababu umeniambia ukweli.” Kisha siku akikuletea kitu kidogo, kwa mfano mtu alimtusi kwa gemu, litimize neno lako. Mtoto hukupima kwa jambo dogo kabla ya kukuletea kubwa.

‘Wapi link?’

Sasa tuje kwetu. Kila mara video ya wanafunzi inapovuja, grupu za WhatsApp na Telegram zinajaa wito mmoja: “Wapi link?” “Nidondoshee inboksi.” Wengine wanaicheka, wengine wanaituma mbele “ili watu waone vile watoto wameharibika.”

Mwanafunzi wa sekondari kwa kawaida hajafika miaka 18. Kisheria huyo ni mtoto, na video hiyo si udaku, ni ponografia ya watoto. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 haimlengi tu aliyerekodi. Anayeipakua, anayeisambaza na anayeihifadhi pia wamo. Adhabu ni faini isiyozidi Sh20 milioni, au kifungo kisichozidi miaka 25, au vyote viwili. Wewe mwenye miaka 20 uliyeomba link kwa mzaha, video imekaa kwenye simu yako ikisubiri siku mtu ataifungua.

Usije ukasema, “Lakini huyo ni mpenzi wangu, ana miaka 17, alinitumia mwenyewe.” Kukubali kwake hakubadilishi umri wake. Mkikosana kesho na ukaitumia kumtisha, utakuwa huna tofauti na yule jamaa wa Lagos. Sheria ya Watoto ya 2022 nayo imetaja waziwazi dhuluma za mtandaoni, ikiwemo kumrubuni mtoto na kumwandama kwa vitisho.

Ukiiona video ya aina hiyo kwa grupu, usiitume popote, hata kwa nia njema. Iripoti kwa programu yenyewe, ifute, na ukiweza mwambie aliyeileta kwamba huyo ni mtoto wa mtu. Utaitwa mtu wa kanisa na kutolewa kwa grupu. Sawa tu.

Picha tunazoposti kwa upendo

Kuna hatari nyingine inayovaa nguo nzuri. Siku ya kwanza shuleni tunamweka mtoto kwa stetasi akiwa na sare yenye beji ya shule, jina lake kwenye begi, na maneno “ameanza PP1, tunamchukua saa nane.” Kwa mistari miwili mgeni amejua jina, sura, shule na saa ya kutoka.

Shule pia zimepata somo lao. Septemba 2023, Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilipiga faini ya Sh4.55 milioni shule moja ya Uthiru, Nairobi, kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka mzazi au mlezi akubali kwanza. Kama shule inahitaji ruhusa, auntie naye anaweza kuuliza kabla ya kumposti mpwa wake akioga kwa beseni.

Siku hizi kuna programu za akili unde zinazoweza kuchukua picha ya kawaida kabisa ya mtoto na kuigeuza kuwa ya utupu. Hana alichotuma, hana alichokosea, na bado anatishwa. Hiyo pekee inatosha kukufanya upunguze sura za watoto kwenye akaunti iliyo wazi kwa kila mtu.

Nusu saa ya kazi

Huhitaji kuwa mhandisi. Kaa na mdogo wako, simu ikiwa mezani, na mfanye haya mkiwa pamoja.

Anza na umri. TikTok, Instagram na WhatsApp ni za kuanzia miaka 13. Aliye chini ya hapo hana haja nazo. Kwa mdogo kabisa kuna YouTube Kids. Kama ana akaunti ya umri wa uongo, njia safi ni kuifuta na kufungua nyingine yenye mwaka wa kweli. Atalia kwa sababu ya wafuasi wake 212. Vumilia.

Kwa WhatsApp, ingia sehemu ya faragha. Weka kwamba ni watu walio kwenye orodha yake ya namba pekee wanaoweza kumwingiza kwa grupu na kuona picha yake, kisha nyamazisha simu za namba ngeni. Kwa Snapchat, zima ramani inayoonyesha alipo. Kwa gemu, funga maongezi na wasiojulikana.

Kama simu ni ya Android, kuna Google Family Link, ambayo ni ya bure. Inamwezesha mzazi kuidhinisha programu kabla haijawekwa na kupanga muda wa kutumia simu. Mwekee mama kwa simu yake na umfundishe, maana kesho hutakuwepo. Na mtoto aambiwe imewekwa. Ukimpeleleza kisiri na agundue, hutaambiwa tena kitu.

Usiku simu zote zilale sebuleni, zikichajiwa pamoja. Ndiyo, hata yako.

Lakini mipangilio hii ina kikomo. Mtoto atatumia simu ya rafiki, ama ya dereva wa basi la shule. Kinachobaki naye huko ni yale mliyoongea: kwamba anayekuhamisha programu anakuficha watu, anayekuomba siri anajificha, na zawadi ya mtu usiyemjua ina bei.

Kama maji yameshamwagika

Siku akikujia akitetemeka, kazi yako ya kwanza ni kutulia. Usipige kelele, usimuulize “ulikuwa unafikiria nini?” Mwambie: umefanya vizuri kuniambia, na hili lina njia.

Msilipe chochote, wala msitume picha nyingine. Acheni kumjibu, lakini msifute mazungumzo. Piga skrinshoti za vitisho, jina la akaunti, namba ya simu na ujumbe wowote wa M-Pesa. Kisha ndipo umbloki. Picha yenyewe ya mtoto usiinakili wala kuituma kwa mtu eti kama ushahidi.

Piga 116, laini ya bure ya Childline Kenya inayopokea simu saa 24. Watakusikiliza na kukuelekeza. Unaweza pia kuripoti kwa Idara ya Upelelezi wa Jinai kupitia 0800 722 203, bila malipo na bila kutaja jina lako. Ukienda kituo cha polisi, ulizia dawati la jinsia na watoto, na usitoke bila namba ya OB.

Kama picha imetumwa au inatishwa kusambazwa, kuna huduma ya bure iitwayo Take It Down, ya kituo cha NCMEC cha Marekani, iliyozinduliwa Februari 2023 kwa picha za walio chini ya miaka 18. Huhitaji kuituma picha kwao. Simu yako inaitengenezea alama ya kidijitali, mfano wa alama ya kidole, na kampuni zilizojiunga kama Facebook, Instagram na TikTok hutumia alama hiyo kuisaka na kuiondoa. Haiwezi kufikia mazungumzo ya WhatsApp, lakini inazuia mengi. Kwa mliopita miaka 18 kuna StopNCII, inayofanya kazi vivyo hivyo.

La mwisho kwa mpangilio lakini la kwanza kwa uzito: usimwache peke yake usiku huo. Lala chumba kimoja naye. Watoto waliopotea kwa mambo haya hawakuuawa na picha, waliuawa na saa chache za kuamini kwamba maisha yameisha. Kesho yake mtafute mzazi ama mtu mzima mnayemwamini, muende pamoja, wewe ukiwa mbele kumkinga na ghadhabu ya kwanza.

Na kama kwako hakujatokea lolote, usianze na hotuba. Watoto wamechoka na hotuba. Jioni hii keti kando ya mdogo wako, mwombe akufundishe hiyo gemu anayoipenda, shindwa mara mbili tatu acheke. Halafu umuulize, kama mtu anayetaka kujua tu: “Huyu mnayecheza naye kila siku, ulishawahi kumwona?”